Kodi ya Juma na Kazi ya Saa: Habari za Vibarua wa Gati za London

Mtu akaaye katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa miti aliyoikata mwenyewe na kwa msaada wa jirani zake, hushangaa asikiapo ya kuwa katika miji mikubwa ya Ulaya wamekuwako watu maelfu kwa maelfu waliofanya kazi tangu ujana wao hata uzee, wala wasiwe na hakika ya mahali watakapolala juma lijalo. Watu hao hawakuwa wavivu, wala nchi yao haikuwa maskini. Walikaa kando ya maghala yaliyojaa mali za dunia nzima. Taabu yao ilitoka katika mambo mawili yaliyoshikana: kodi kubwa ya nyumba, na kazi isiyo na hakika. Kila moja peke yake ni mzigo, lakini yakishikana humwangusha hata mtu mwenye nguvu. Katika habari hii nataka kueleza jinsi mambo hayo yalivyoshikana katika upande wa mashariki wa mji wa London, na jinsi watu walivyojaribu kuyatengeneza.

Kwanza na tuzitazame gati zenyewe. Zamani meli zilitia nanga katikati ya mto Thames, na mali ikapakuliwa kwa mashua, na mali nyingi iliibwa. Kwa hiyo wafanya biashara wakachimba mabwawa makubwa kando ya mto, wakayazungushia kuta ndefu na milango ya kufungwa. Gati ya West India ilifunguliwa mwaka 1802, London Docks mwaka 1805, na St Katharine mwaka 1828. Humo zilishushwa sukari, chai, tumbaku, sufu, mbao na nafaka, tena pembe za ndovu, na nyingine katika hizo zilitoka Unguja. Lakini ili kuchimba gati ya St Katharine zilibomolewa nyumba zipatazo 1,250, na watu wapatao 11,000 wakaondolewa. Waliolipwa fidia ni wenye mali tu. Wapangaji hawakupewa kitu. Nao hawakwenda mbali, maana riziki yao ilikuwa pale pale bandarini. Wakajibana katika mitaa ya karibu, ambayo tangu hapo ilikuwa imejaa. Basi tazameni: gati ile ile iliyoleta kazi ndiyo iliyopunguza nyumba.

Sasa tuitazame kazi. Meli za matanga huenda kwa upepo. Upepo ukiwa mwema, meli nyingi huingia kwa siku moja. Ukiwa mbaya, siku nyingi hupita bila hata moja. Kwa sababu hiyo makampuni ya gati hayakupenda kuweka watu wengi wa mshahara. Waliandika wachache wa kudumu, na wengine wakawachukua mlangoni kwa kadiri ya kazi ya saa ile. Kila siku asubuhi watu walikusanyika mbele ya lango, mamia kwa mamia. Msimamizi alitokea, akatazama, akawachagua watu mmoja mmoja na kuwapa vyeti. Watu walisukumana, wakapandiana mabegani, wakapiga kelele ili waonekane, na wengine wakararuliwa nguo. Mahali pengine msimamizi alisimama nyuma ya vyuma kama vya tundu, asije akaumizwa na watu waliokuwa wakimwomba kazi.

Aliyechaguliwa alilipwa peni 5 kwa saa. Saa ile kazi ilipokwisha, ndipo na mshahara ulipokwisha. Mtu aliweza kuchukuliwa asubuhi akafukuzwa baada ya saa mbili, akarudi kusimama langoni pamoja na wengine. Neno letu “kibarua” hutokana na cheti kidogo alichopewa mtu wa kazi ya siku. Watu hao wa London walikuwa vibarua kweli kweli, tena vibarua wa saa, si wa siku.

Mshahara ulihesabiwa kwa saa, lakini kodi ilihesabiwa kwa juma, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mwenye nyumba au mtu wake alibisha mlango siku yake, kama meli zimeingia au hazikuingia. Na tufanye hesabu ndogo, kama tufanyavyo shuleni. Shilingi moja ya Kiingereza ya siku zile ilikuwa peni 12. Mtu akifanya kazi saa 8 kwa peni 5, hupata peni 40, yaani shilingi 3 na peni 4. Akibahatika kupata siku tatu katika juma, ana shilingi 10. Chumba kimoja katika mitaa ile kilikodiwa karibu shilingi 4 kwa juma. Basi zilibaki shilingi 6 kwa chakula, makaa ya mawe, nguo na dawa, za mume, mke na watoto wote. Na juma ambalo alipata siku moja tu, mshahara wake wote haukutosha hata kodi.

Mwaka 1884 Serikali ya Uingereza iliweka Tume ya kuchungua nyumba za wafanya kazi. Mkuu wake alikuwa Sir Charles Dilke, na mwana wa Malkia, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alikuwa mmoja wa wajumbe. Mkaguzi wa shule, Bwana Marchant Williams, aliwaletea hesabu alizozikusanya katika mitaa ya maskini. Zilionyesha ya kuwa katika kila jamaa 100, jamaa 88 walilipa kodi iliyozidi sehemu moja ya tano ya mapato yao. Na katika hao, jamaa 46 walilipa tangu robo hata nusu.

Pengine msomaji atauliza, “Mbona hawakuhama? Kwa nini wasiende mbali kidogo, ambako kodi ilikuwa nafuu?” Tume nayo iliuliza hivyo hivyo, na jibu lake lafaa kufikiriwa sana. Mwenye kazi ya kudumu aliweza kukaa mbali, maana alijua ya kuwa akifika kazi ipo. Na tangu mwaka 1883 sheria iliyaagiza makampuni ya reli yaweke magari ya asubuhi ya nauli ndogo kwa ajili ya wafanya kazi. Lakini kibarua hakujua. Je, atoe nauli kila asubuhi, halafu arudishwe langoni mikono mitupu? Tena wasimamizi waliwachagua watu waliozijua nyuso zao, na habari ya meli iliyoingia ghafula humfikia kwanza aliye karibu. Mkewe naye alishona nguo au alifua kwa watu wa mtaa ule ule, na mwenye duka aliyemfahamu alimkopesha mkate. Kuhama kulikuwa kupoteza hayo yote.

Wenye nyumba walilijua jambo hilo. Watu wengi wakitaka vyumba vichache mahali pamoja, kodi hupanda. Hivi kazi isiyo na hakika iliipandisha kodi. Na kodi nayo ilimlazimisha mtu kuikubali kazi yo yote kwa mshahara wo wote, kwa kuwa siku ya kulipa yaja. Kwa hiyo mtu akitaka kuifahamu taabu ya vibarua wale, asizitazame kodi peke yake wala mishahara peke yake.

Matunda yake yalionekana nyumbani. Jamaa nzima walikaa chumba kimoja, wakapikia humo, wakalala humo, wakauguza wagonjwa humo, na maiti alilazwa humo hata siku ya maziko. Siku ya Jumatatu wake wengi walipeleka nguo za Jumapili dukani kwa rehani ili wapate fedha ya kununulia chakula, na Jumamosi, kama mshahara ulipatikana, wakazikomboa. Walioshindwa kabisa na kodi walihama usiku, vyombo vyao juu ya mkokoteni. Na watoto wao wakahamishwa shule mara kwa mara, kila mahali wakianza upya. Meneja wa gati ya Millwall alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge, akasema ya kuwa watu wengine huja kazini bila kula tangu jana yake. Hufanya kazi saa moja, kisha huomba peni zao wakanunue chakula, maana nguvu zimewaishia. Tufahamu ya kuwa maneno hayo hayakutoka kwa adui wa makampuni. Aliyeyasema ni mkubwa wa gati mwenyewe.

Hata hivyo, wasidhani wasomaji ya kuwa hapakuwa na watu wa huruma. Mwaka 1862 Bwana George Peabody, tajiri Mmarekani aliyekaa London, alitoa pauni 150,000 za kujenga nyumba za maskini, akaongeza hata zikafika pauni 500,000. Mwaka 1865 Bibi Octavia Hill, kwa fedha za Bwana John Ruskin, alianza kuzitengeneza nyumba mbovu na kuwatunza wapangaji wake. Mwaka 1883 mchungaji Andrew Mearns alitoa kijitabu juu ya hali ya maskini wa London, nacho kiliwastusha watu wengi waliokuwa wakiishi kwa raha. Naye Bwana Charles Booth, mwenye meli, alianza mwaka 1886 kuwahesabu watu mtaa kwa mtaa, akachora ramani za rangi kuonyesha hali ya kila njia. Akaona ya kuwa karibu watu 31 katika kila 100 wa London walikuwa katika umaskini. Kazi hizo zote zilikuwa njema. Lakini nyumba mpya zilitaka mpangaji alipaye kila juma bila kukosa, kwa hiyo ziliwafaa zaidi wenye kazi za kudumu. Kibarua alizitazama kwa nje tu.

Ndipo ulipokuja mwaka 1889. Tarehe 14 Agosti, katika gati ya West India, palitokea ugomvi juu ya malipo ya kupakua meli iitwayo Lady Armstrong. Watu wakaacha kazi. Kiongozi wao alikuwa Ben Tillett, mtu mdogo wa mwili aliyekuwa amefanya kazi gatini. Wakamsaidia Tom Mann na John Burns, mafundi wa mitambo. Mambo waliyoyataka yalikuwa machache: peni 6 kwa saa badala ya 5, peni 8 kwa saa za ziada, tena mtu asichukuliwe kwa muda upungufu wa saa 4. Jambo hilo la mwisho msilidharau. Saa 4 kwa peni 6 ni shilingi 2, yaani nusu ya kodi ya chumba. Walitaka ya kuwa mtu akiitwa kazini, asirudi nyumbani na peni 5 tu.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mgomo ulienea katika gati zote, hata watu wapatao 100,000 walikuwa wameacha kazi. Kila siku walitembea kwa maandamano mpaka katikati ya mji, palipo mabenki na maduka makubwa, bila kuvunja wala kuiba, hata matajiri waliokuwa wakiwaogopa wakaanza kuwahurumia. Lakini kodi haikugoma. Katika njia nyingine wapangaji walitundika tangazo la kuwaambia wenye nyumba wasijisumbue kuja, kwa kuwa watu wako katika mgomo. Jeshi la Wokovu lilitoa chakula kwa bei ndogo, na chama cha mgomo kikagawa vyeti vya kununulia chakula. Fedha ilipokuwa karibu kwisha, msaada ukatoka mbali wasikotazamia: watu wa Australia walipeleka pauni zaidi ya 30,000. Aliyewapatanisha hasa ni Kardinali Manning, mzee wa miaka 81, ambaye alikuwa mjumbe wa Tume ya mwaka 1884 na alizijua nyumba za watu wale. Katikati ya Septemba makampuni yakakubali peni 6 kwa saa, na watu wakarudi kazini.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, na vyama vya wafanya kazi wasio mafundi vilipata nguvu tangu siku hizo. Walakini lile lango halikuondoka. Asubuhi iliyofuata watu walisimama pale pale wakingoja kuchaguliwa, na kodi ilikuwa ile ile ya juma.

Baada ya hapo Baraza la Mji wa London lilijaribu kuutengeneza upande wa pili, yaani nyumba. Katika Bethnal Green palikuwa na mtaa mbovu ulioitwa Old Nichol. Baraza likaubomoa wote, likawaondoa watu 5,719, na mahali pake likajenga nyumba imara za matofali mekundu, zenye hewa na bustani, zilizofunguliwa mwaka 1900. Nyumba hizo zingaliko. Lakini katika watu wale waliotolewa, ni 11 tu waliorudi kukaa humo. Wengine wote walishindwa na kodi na masharti. Wakaingia mitaa ya jirani, wakaizidisha kujaa. Baraza halikufanya hila, lilijenga vizuri. Ila lilijenga kwa mtu mwenye mshahara wa hakika, na aliyebomolewa nyumba yake hakuwa na mshahara wa namna hiyo.

Kwa kulinganisha, na tuende Glasgow, katika Uskochi, mwaka 1915. Vita vilikuwa vimeanza, na maelfu ya watu walikuja kufanya kazi katika viwanda vya meli na silaha kando ya mto Clyde. Wenye nyumba walipoona watu wamekuwa wengi, wakapandisha kodi, hata kwa wake ambao waume zao walikuwa vitani. Basi Bibi Mary Barbour wa Govan, mke wa fundi wa viwanda vya meli, akawakusanya wanawake wenzake. Waliendelea kulipa kodi ya zamani, wakaikataa nyongeza. Matarishi wa korti walipokuja kuwatoa watu, mwanamke aliyewaona kwanza alipiga kengele, na wenzake wakaacha vyungu motoni, wakajaa ngazini, wakawarushia unga hata wakakimbia. Ilipofika Novemba jamaa wapatao 20,000 na zaidi walikuwa wamekataa nyongeza hiyo. Tarehe 17 Novemba wapangaji 18 waliitwa kortini. Wanawake wakaandamana, na watu wa viwandani wakaja pamoja nao, wakisema wataacha kazi. Mashtaka yakafutwa. Kabla ya mwaka kwisha Bunge likatoa sheria ya kurudisha kodi za nyumba ndogo katika kadiri ya Agosti 1914.

Kwa nini Glasgow walipata sheria ya kodi, na vibarua wa London hawakuipata? Nionavyo mimi, sababu moja kubwa ni hii: wakati ule wa vita kila mkono wa Glasgow ulihitajiwa. Mtu mwenye kazi ya hakika huweza kumkatalia mwenye nyumba. Asiye na kazi ya hakika huogopa hata kunung'unika.

Mji wa Vienna, katika Austria, ulitafuta njia nyingine. Tangu mwaka 1919 hata 1934 wakuu wa mji walijenga nyumba zaidi ya 60,000 kwa fedha za kodi maalum, iliyowalemea zaidi wenye majumba makubwa. Kodi ya upangaji ilikuwa ndogo sana, karibu sehemu 4 katika 100 za mshahara wa mfanya kazi. Mwaka 1934 vita vya ndani vilizipiga nyumba nyingine kwa mizinga, lakini desturi haikufa, na hata leo yapata nusu ya watu wa Vienna wakaa katika nyumba za mji au zilizojengwa kwa msaada wa serikali.

Na vibarua wa London je? Lango lao lilianza kuondolewa mwaka 1947, ilipowekwa sheria ya kuwaandika wote katika daftari moja. Aliyefika akakosa kazi alipewa malipo madogo ya kuhudhuria. Mwaka 1967 wakapewa kazi za kudumu. Lakini mara yakaja makontena, ambayo winchi moja huyabeba kwa dakika chache, na meli kubwa zikahamia Tilbury, karibu na bahari. Gati za mjini zikafungwa moja moja, na za mwisho mwaka 1981. Sheria ile ya mwaka 1947 nayo ikafutwa mwaka 1989, miaka 100 kamili baada ya mgomo. Hapo West India, walipogombea watu vyeti, pamejengwa minara ya mabenki, na nyumba za kando yake ni za bei ambayo kuli wa zamani asingeiweza.

Na jambo lenyewe halijesha. Mwaka 1997 nyumba ya kadiri katika Uingereza iliuzwa kwa bei iliyo kama mara tatu na nusu ya mshahara wa mwaka wa mfanya kazi wa kadiri. Mwaka 2022 ilizidi mara nane. Na wakati huo huo watu wapatao milioni moja katika nchi ile walikuwa na mikataba isiyowaahidi hata saa moja ya kazi. Hungoja kuitwa kwa simu, kama wazee wao walivyongoja langoni.

Pwani yetu nayo yaijua habari hii. Mwaka 1939 watu wa kazi wa Mombasa waligoma, na neno lao la kwanza lilikuwa juu ya fedha za nyumba. Maana bandari ile nayo iliendeshwa kwa vibarua, na kodi za vyumba zilikuwa zikipanda.

Basi, wasomaji, vijana wetu wengi huondoka vijijini kwenda mijini, wakiulizana juu ya mshahara tu. Na waulize maneno matatu pamoja: Mshahara ni kiasi gani? Ni wa hakika kwa muda gani? Na chumba ni kiasi gani, kutoka pale mpaka kazini? Na wale waliopewa kazi ya kutawala miji, wakijenga nyumba, na wakumbuke wale 11 wa Old Nichol. Nyumba njema bila kazi ya hakika humfaa mwingine. Na mshahara ulioongezwa, kodi ikiachwa ipande ipendavyo, hupita mkononi mwa mfanya kazi ukaishia kwa mwenye nyumba.